Tonton Mbusa na Kurasa za Karanga

Enzi zetu, karanga zilikuwa zinasomwa. Mtu asicheke. Najua nina miaka kumi na saba, sina hata mvi moja, na mwalimu wangu wa hisabati akiniona naandika "enzi zetu" ataniuliza kama nimemaliza kazi ya nyumbani ya enzi hizi. Lakini sisi tuliosoma shule ya msingi hapa Butembo, mashariki mwa Kongo, miaka ile ya ndoo za klori tuna haki ya kuzeeka mapema. Mtoto wa leo wa miaka minane, ukimwambia kwamba karanga zilifungwa kwenye karatasi iliyochanwa kitabuni, anakuangalia kama umemwambia ulimwona Nuhu akipakia mbuzi.

Nakumbuka asubuhi za baridi inayouma masikio, ukungu umekaa juu ya mabati kama mgeni asiyejua kuaga. Tulishuka kilima kwenda shule na sketi za bluu na mashati meupe, meupe Jumatatu tu. Wavulana walishuka na chukudu zao ndogo, zile skuta za mbao za kusukuma kwa mguu, bila breki. Breki ilikuwa kisigino cha kiatu, na kiatu kilikuwa cha kaka mkubwa. Sisi wasichana tulikuwa na nzango: unaruka, unapiga makofi, unatupa mguu mbele ya mwenzako, mpaka vumbi jekundu linapanda magotini, na jioni mama anakusugua kama sufuria ya bugali. Kengele ya shule ilikuwa janti ya gurudumu la lori iliyotundikwa kwenye mti. Ikilia saa nne, wote mbio kwa Mama Katungu.

Mama Katungu alikaa kwenye kona, mbele yake beseni ya karanga za kukaanga, nyuma yake rundo la vitabu vilivyopoteza majalada. Vitabu vile hakuna aliyejua vinatoka wapi. Vingine vilikuja na mizigo ya Kampala kupitia Kasindi, vingine vilitoka kwenye nyumba ambako mzee amefariki na wajukuu wanataka nafasi ya kuweka televizyo. Mama Katungu alichana ukurasa, akauzungusha kwenye vidole, akakunja chini kwa dole gumba, akamimina glasi moja. Hiyo ndiyo korneti. Ulikula karanga, ukalamba chumvi kwenye karatasi, na kama ulikuwa mtu wa kawaida, uliitupa.

Tonton Mbusa hakuwa mtu wa kawaida.

Ni mdogo wa mama yangu. Kwa sisi Wanande jina linasema nafasi ya mtu: Mbusa ni mtoto wa kiume wa sita. Mama husema kwamba ukila sahani moja na wavulana watano waliokutangulia, unajifunza mapema kuwa nyama inaweza kupotea mbele ya macho yako, na siku moja unaamua kujua inapotea namna gani. Ndivyo alivyokuwa mtu wa mazingaombwe. Watu walimwita majisien. Aliitwa kwenye ndoa, kwenye sikukuu za parokia, na zaidi kwenye proclamation, ile siku ya mwisho wa mwaka ambapo pointi zinasomwa mbele ya wazazi wote, na mwenye sifuri anatamani yeye ndiye apotezwe.

Alipita njia yote, Alimbongo mpaka Beni, mpaka Oicha, na zamani hata Eringeti, na hakufanya mchezo ule ule mahali pawili. Alimbongo, kule wanakolima viazi, hakutoa yai kwenye sikio la mtu. Alitoa kiazi. Kabla ya mchezo alikuwa amezunguka mashambani siku nzima akiuliza majina ya mbegu, kwa hiyo alimwambia mwenye sikio, "Papa, hii ni ya shamba yako ya juu. Ile ya chini imeoza," na watu walicheka mpaka wakashikana. Oicha alikaa siku mbili na mama mmoja wa kakao, akajifunza jinsi mbegu zinavyofunikwa kwa majani ya ndizi mpaka zinapata joto zenyewe. Akarudi na kikapu chake mpaka Butembo, akawapa wafanyabiashara wetu mbegu za moto bila moto. Wale wanaouza kakao kwa magunia tangu wazaliwe walibaki mdomo wazi. Fundo lake la kamba alifundishwa na msusi wa vikapu. Kuimba alifundishwa kwenye kwaya ya Waprotestanti, yeye Mukatoliki, na alikaa pale miezi mitatu kabla hawajamgundua.

"Mikono yangu iko muzuri," alikuwa anasema, "mais lakini mikono ya mwizi pia iko muzuri. Batu banataka kitu ya kubeba mu kichwa banaporudia nyumba."

Donc, basi, alisoma. Na kwa kuwa vitabu vilikuwa ghali na karanga rahisi, alisoma karanga. Kila korneti aliifungua, akainyoosha kwa pasi ya makaa, akaibana kwenye kamba chumbani kwake kwa vibanio vya nguo. Ukiingia ilibidi uiname, kurasa zinakupapasa kichwa. Kulikuwa na ukurasa wa kuhudumia mashine ya meli, wa kupanda mahindi, wa hedhi (huo mama aliuondoa, Tonton akaurudisha), wa jometri, wa misa ya wafu, wa kupika makayabu, wale samaki wa chumvi, kwa nyanya. Alikuwa na kamusi moja ya Kifaransa iliyoanzia herufi C. Maneno ya A na B aliwauliza walimu njiani, akiwasimamisha kama polisi.

Shida ya korneti ni moja: inakatika katikati. Ukurasa unaisha pale mambo yanapokuwa matamu, na unaofuata umeshakuwa na karanga za mtu mwingine. Basi Tonton alirudi kwa Mama Katungu akiwa na ukurasa mkononi.

"Mama, inaendelea wapi?"

"Weye Mbusa, ni karanga unakulaka ama ni karatasi?"

"Karanga ni ya tumbo, mama. Karatasi ni ya kichwa. Inaendelea wapi?"

"Sijue. Niliuzisha batoto asubuhi."

Akanunua tena nne, kwa kubahatisha. Nyumbani tulikula sombe ya majani ya muhogo na karanga, bugali na karanga, chai na karanga. Matokeo yake usiku, chumba kimoja, watoto wanne, sitayaandika.

Ukurasa uliomtesa kuliko yote ulikuwa wa nyuki. Ulitoka kwenye kijitabu cha ufugaji, Kiswahili kile kilichonyooka cha ng'ambo, na mstari wake wa mwisho nimeujua kwa moyo mpaka leo: "Nyuki aliyegundua maua mengi, akirudi mzingani, mara moja huanza". Basi. Huanza nini? Miezi mitatu tuliishi na nyuki yule mlangoni. Papa alisema huanza kudai chakula. Mama alisema kama ni nyuki wa kike huanza kufagia. Mimi nilisema huanza kujisifu. Tonton alituangalia mmoja mmoja, akasema hatujui, hata yeye hajui, na kwamba kutojua ni sawa na jino linalotikisika, huwezi kuacha kuligusa.

Sasa nifike kwenye dhambi yangu, maana nimezunguka vya kutosha.

Nilikuwa mwaka wa nne wa primaire. Nyuma ya dawati langu alikaa Kakule, mvulana mwenye kichwa kikubwa na ulimi wa kisu. Siku moja kwenye mapumziko alisema mbele ya wote, "Tonton wa Masika ni mulozi. Mama amesema. Yai inapotea namna gani, kama hapana bulozi?"

Kwetu neno hilo la uchawi si la mchezo. Nilitaka kumtetea mjomba wangu. Nikawaambia: yai lile ni ganda tupu, limetobolewa na kunyonywa, limeshonwa kwa uzi kwenye kitambaa, akivuta kitambaa yai linaondoka nyuma yake. Kakule alinyamaza. Wote wakaniangalia kama mimi ndiye majisien. Hapo ndipo ningefunga mdomo. Siri ya kwanza niliisema kumtetea. Zile nyingine zote nilizisema kwa utamu. Pesa inayopotea ina nta ya mshumaa. Karata yenye mfalme imekatwa pembe. Kiazi cha Alimbongo kilikuwa kwenye mkono wa koti. Kila saa nne walinizunguka, mpaka wa mwaka wa sita walikuja, na nikapewa karanga za bure wiki mbili nzima.

Halafu ukaja ugonjwa, Ebola, na ule mwaka wa kutoshikana mikono. Mnakumbuka. Ndoo yenye bomba kwenye kila mlango, maji ya klori, harufu inayokufuata mpaka ndani ya andazi la beignet. Mtu anakuelekezea kifaa cha kupima homa kwenye paji la uso kabla hujaingia darasani, na sisi tunafumba macho kama tunapigwa risasi. Tulisalimiana kwa kiwiko, halafu kwa mguu, halafu kwa macho tu. Bibi zetu waliona ni matusi. Misa ilipofika mahali pa kupeana amani, watu waliinua mikono hewani wakaishusha, na kila mtu alitazama chini.

Kwa majisien, huo ni mwisho wa kazi. Pesa anaikopa kwa nani? Sikio la nani atagusa?

Kabla ya proclamation, Directeur wa shule yetu alikuja nyumbani. Alinawa, akabaki amesimama penye ndoo, Tonton akasimama penye mlango, na mimi nikawa katikati nikijifanya napepeta mchele.

"Mbusa, mwaka huu hapana shika mutu. Hapana kopa kitu ya mutu."

"Nimesikia, Directeur."

"Tena iko kitu ingine. Batoto bote banajua mambo yako. Ya yai, ya pesa, ya karata. Bananieleza bao benyewe mu bureau. Ukifika pale, batakuzomea mbele ya bazazi."

Tonton hakuniangalia. Mimi niliuangalia mchele kama nauona mara ya kwanza.

"Kama uko na kitu mupya, kuja," Directeur akasema. "Kama hapana, tutaweka muziki. Iko kijana mumoja eko na bafle kubwa."

Miaka tisa mfululizo Tonton alikuwa amefunga mwaka wa shule ile. Aliusubiri uwanja ule mwaka mzima kama wengine wanavyosubiri Noeli. Sasa angeondolewa na bafle, yaani spika, na aliyemwondoa ni mimi.

Directeur alipoondoka, Tonton alikaa kwenye kizingiti.

"Masika. Ulibaambia yote?"

"Karibu yote."

"Ya kamba?"

"Ya kamba hapana."

"Sababu ya nini?"

"Sijaielewaka."

Aliangalia mikono yake. Nilisubiri kofi, na kusema kweli nililitaka, maana kofi linaisha. Badala yake alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha ndani, akasema, "Umenifunga mikono, na ugonjwa umeifunga tena. Imebakia kichwa. Tutaona kama kichwa iko na kitu."

Akaingia chumbani, akafunga mlango. Wiki tatu alitoka kula tu, na kwenda kwa Mama Katungu. Nilisikiliza mlangoni. Sauti yake ilikuwa inasema mambo ya mahindi, ya meli, ya makayabu, inasimama, inarudia. Nilidhani amepagawa. Mama alidhani anasali, akatukataza kumsumbua.

Siku ikafika. Uwanjani walikuwa wamechora duara za chokaa, kila mwanafunzi ndani ya duara lake, hatua mbili kutoka kwa mwenzake, kama kuku waliokatazwa kuelewana. Wazazi nyuma ya kamba. Pointi zikasomwa, mama mmoja akapiga vigelegele kwa asilimia hamsini na moja. Halafu Directeur akasema, "Majisien." Nikasikia nyuma yangu Kakule akinong'ona kwa wenzake, "Akitoa yai, tunamuzomea wote."

Tonton akatoa yai.

"Iko tupu!" shule nzima ikapiga kelele. "Iko na uzi! Tunaijua ile!"

Tonton alisubiri. Aliacha wachoke. Halafu akalipiga yai kwenye ukingo wa sahani, na kiini cha njano kikaanguka, kizima, kikatetemeka pale juani.

"Ni yai," alisema. "Ilikuwa ya kukula."

Wazazi wakaanza kucheka, wakitucheka sisi. "Masika alibaambia kweli," akaendelea. "Ile ya zamani ilikuwa tupu. Mais mutu akikufundisha siri moja, hapana fikiri umejua mayai yote."

Ningepotea kwenye duara langu kama ingewezekana.

Akachukua glasi ya maji mekundu aliyoyachemsha na maua. Akaenda kwenye ndoo ya kunawia, akafungua bomba juu ya glasi, akakoroga kwa kijiti. Wekundu ukapauka, ukawa waridi, ukawa maji. Watu wakaguna, na neno lile baya likaanza kutembea nyuma ya kamba, bulozi, bulozi. Tonton akainua mkono. "Mimi hapana mulozi, niko musomaji. Hii ni klori. Inakulaka rangi. Nani hapa amefulia kikwembe na maji ya hii ndoo?" Mama mmoja akajibu, kwa uchungu wa kweli, "Kitenge cha ndoa yangu," na kicheko kikavunja neno lile vipande.

Halafu akaleta beseni. Ilijaa korneti, amezikunja upya moja moja. Alimwomba Directeur anawe mikono, achanganye kwa ile fimbo ya kuonyeshea ramani, achague yoyote, afungue. Yeye mwenyewe alienda hatua kumi, akatupa mgongo.

"Soma mustari wa kwanza tu, Directeur."

Directeur akasoma kitu kuhusu mafuta ya mashine. Na Tonton, uso wake kwa ukuta, akaendelea pale Directeur alipoachia, neno kwa neno, boliti kwa boliti, mpaka chini ya ukurasa, hata namba ya mchoro. Directeur alifuata kwa kidole. Mama mmoja akachagua: makayabu kwa nyanya. Tonton akamalizia, akaongeza kwamba kitabu kimesahau kitunguu. Mwalimu wa mwaka wa tatu akachagua misa ya wafu, na Tonton hakuisema, aliiimba, na wazee nyuma ya kamba wakavua kofia.

Mimi nilielewa. Mimi tu, kati ya watu wote wale. Hakukuwa na uzi wala nta. Alikuwa amezisoma zote, akazishika zote. Siri ilikuwa kazi.

"Mutoto mumoja sasa," akasema Tonton. Kakule akasimama kabla hajaitwa. Nilimwona. Alienda kwenye beseni, akainama, akatia mkono kwenye beseni, lakini korneti aliyoitoa ilitoka mfukoni mwake, ilikuwa bado na chumvi. Alikuwa ameinunua asubuhi ileile. Mimi ndiye niliyemfundisha kubadilisha kitu hivyo, wakati wa karanga za bure. Kupiga kelele kungekuwa kujitaja mwenyewe.

Kakule akasoma mstari wa kwanza: "kucheza. Huzunguka upande mmoja, kisha upande wa pili, akitikisa tumbo."

Tonton hakusema kitu.

Ukimya ule bado ninao. Bendera ilikuwa inapiga mlingoti. Kakule alianza kutabasamu. Mtu nyuma ya kamba akasema, "Imeisha." Niliona mabega ya Tonton yameshuka, nikajua ameshindwa, ameshindwa kwa mkono wangu, mbele ya watu wote, na mwakani ni bafle.

Halafu akageuka. Taratibu. Uso wake haukuwa wa mtu aliyeshindwa, ulikuwa wa mtu aliyeona ndugu yake anashuka kwenye gari.

"Hii hapana kwa beseni yangu," alisema. "Hii sijasoma. Endelea, tafazali."

Akavuta kiti, akakaa katikati ya uwanja, mikono magotini, kama mwanafunzi. Kakule alimwangalia Directeur, Directeur akamwangalia Tonton. Basi Kakule akasoma. Alisoma vibaya, akikwama kwenye kila neno refu, na hakuna aliyecheka: jinsi nyuki anavyocheza ndani ya giza la mzinga kuwaonyesha wenzake maua yako upande gani, na yako mbali kiasi gani, na jinsi wengine wanavyomfuata nyuma, wakijifunza njia kwa mwili wake. Alipofika mwisho wa ukurasa, uliokatika tena katikati, Tonton alisimama. Akaanza kuzunguka, nusu huku, nusu kule, akitikisa tumbo lake la karanga. Mtu mzima. Mtoto mmoja wa mwaka wa kwanza akaanza kumwiga ndani ya duara lake. Halafu wa pembeni yake. Kisha shule nzima tulicheza, kila mtu kwenye chokaa yake, bila kugusana, mwaka ule ambao watu walikuwa hawagusani, na wazazi wakapiga makofi ya nzango mpaka vumbi likafika magotini.

Kwenye njia ya kurudi, watu hawakuzungumza kuhusu mashine wala misa. "Alijua namna gani ile karatasi ilitoka mu mufuko ya mutoto?" walikuwa wanaulizana. "Ameupa ukuta macho." Hilo ndilo lililokuwa ajabu kubwa kwao. Nilikimbia kutoka kundi hadi kundi nikiwaambia, "Amesoma ile yote. Anajua ile amesoma, anajua ile hajasoma. Ndio siri." Na mimi, niliyeaminiwa kwa yai, kwa nta na kwa karata, siku hiyo sikuaminiwa na hata mmoja. Mama Katungu mwenyewe aliniambia, "Ile ni buongo, Masika. Nani anaweza kusoma karanga yote ya Butembo?"

Directeur alimwita tena mwaka uliofuata. Alimwambia tu asilete yai, kwa sababu walimu waligombea lile la kwanza.

Ndivyo tulivyokua. Siku hizi Tonton anaishi Beni kwa binti yake aliyeolewa huko, kule kwenye joto. Macho yake yameingia ukungu, herufi zimemkimbia moja moja, kuanzia zile ndogo. Kakule naye yuko Beni, anaendesha moto, pikipiki ya abiria, na ndiye anayempelekea inité, salio la simu. Wadogo zangu wana simu pia. Wakiona mazingaombwe kwenye kioo, kabla mtu hajamaliza kuvuta kitambaa wameshatafuta siri yake, wameipata, wamesema "ah, kumbe", wamepitisha kidole. Hawajawahi kulala na nyuki mlangoni. Nawaonea huruma, wananionea huruma, tunakula pamoja.

Mama Katungu bado yuko kwenye kona yake. Lakini karanga zake sasa ziko kwenye saseti ya plastiki, imefungwa kwa moto wa mshumaa, unaziona zote kutoka nje. Ukimaliza kula, umemaliza. Mara ya kwanza niligeuza saseti upande wa pili kwa mazoea, nikaona mkono wangu mwenyewe.

Sikuthubutu kumwambia Tonton. Kila jioni ananipigia, na swali lake ni lile lile: "Masika, karanga ya kule inasema nini leo?" Basi naketi na saseti yangu mkononi, naitikisa karibu na simu ili isikike kama karatasi, nasoma. Nasoma ukurasa usiokuwepo. Nimemsomea jinsi wanavyojenga daraja, jinsi jiwe la Lubero linavyozaliwa, maisha ya mfalme mmoja mwenye miguu sita. Kila mara nakatiza katikati ya sentensi, kama korneti ya kweli, na kumsikia akiuliza, kwa ile sauti ya zamani, "Inaendelea wapi?" Kwa kuogopa kukamatwa, mchana nimeanza kuingia maktaba ya parokia kutafuta jinsi daraja linavyojengwa kweli. Mimi, Masika, ninayejificha chooni wakati wa jiografia.

Jana nilimsomea kuhusu ndege anayehama kila mwaka na kurudi kwenye mti uleule. Nilifika mbali. Nikasikia amenyamaza, kimya cha uwanja ule, mpaka nikadhani inité zimeisha.

"Masika," alisema. "Hata hapa Beni karanga iko mu saseti. Nilijua toka siku ya kwanza. Nina mikono bado."

Niliacha kuitikisa saseti. Nikaiweka chini.

"Hii hapana kwa beseni yangu," akasema Tonton. "Endelea, tafazali."